Fundo la juu ya mti, na nani atakushusha ukizimia huko

Kila nikipost picha niko juu ya mti maswali yanayokuja inboksi ni yaleyale, kamba hiyo inabeba kilo ngapi, umenunua wapi, shilingi ngapi, halafu lazima atokee mmoja anataka nimfundishe fundo moja tu la uhakika ambalo haliachii. Sawa. Fundo lisiloachia wengi tunalo, mchunga mbuzi analo, mvuvi analo, utingo wa fuso anayefunga magunia analo. Ambacho bado sijaulizwa ni hilo fundo linafunguliwaje wakati wewe mwenyewe umening'inia kwenye kamba hujitambui, na aliyebaki chini ni kijana mmoja anayekuita jina huku anakimbia kimbia kuzunguka shina.

Kwangu hilo ndo swali la kwanza, kilo zinafuata.

Kazi yangu ni miti ya kwenye viwanja vya watu, huku Moshi na mara nyingine Arusha. Mjakaranda ulioegemea bati, mgrivelia uliopandwa na babu kwenye mpaka na sasa umezipita nyumba zote za jirani, mkaratusi ambao mama mwenye nyumba halali upepo ukivuma. Kuna wenzetu wanapanda zaidi yetu, wakwezi wa minazi kule pwani na wachumaji wa karafuu Pemba na Unguja, wale wanapanda bila chochote au na kitanzi cha miguuni tu, siwezi kuwafundisha kazi yao, ila mkarafuu tawi lake linakatika bila taarifa na kila msimu watu wanaanguka, hilo linajulikana. Hapa naongelea kupanda kwa kamba. Unarusha kamba nyembamba yenye kifuko cha uzito ipite juu ya panda unayoitaka (gramu 300 hivi zinatosha, soksi yenye mchanga inafanya kazi vizuri tu, usirushe nati ya lori maana ikirudi inarudi na kichwa cha mtu), nayo unavutia kamba kubwa, unavaa mkanda wa kupandia wa kiunoni na mapajani, unapanda ukiwa umekaa.

Kamba yenyewe nitaipitia haraka. Duka la vifaa vya ujenzi ukiomba kamba ngumu watakupa manila, ile ya plastiki inayong'aa, ya bluu au kijani. Nyingi ya zile ni polipropilini, inayeyuka kwenye nyuzi joto 160 na kitu, jua la huku linaila mpaka ukiipitisha mkononi unabaki na unga, na ukishuka nayo kwa kasi huku fundo linasugua palepale inaanza kushikana na kuyeyuka. Ni kamba nzuri ya kuvutia tawi na kuanikia nguo. Usiipande. Katani nayo naipenda kwa heshima zote, mkonge uko nchi hii tangu Mjerumani Hindorf alipouleta 1893, lakini inaoza kwa ndani huku nje inakuchekea. Kamba ya kupandia mtu ni nailoni au poliesta, ina moyo ndani na ala nje, unene mm 11 mpaka 13, haivutiki sana. Za Ulaya zinapimwa kwa kiwango cha EN 1891, na zile za aina A lazima zibebe kilonyutoni 22, yaani tani mbili na ushee, na ikishafungwa mwishoni kwa fundo au mshono kiwango kinadai 15 tu. Ona hapo, wenye kiwango wenyewe wanajua fundo linakula nguvu ya kamba. Fundo la nane, lile lenye umbo la namba 8, linakula kama robo, mengine mpaka theluthi na zaidi. Kwa hiyo kamba nzima ya tani mbili, ukishaifunga, siyo ya tani mbili tena, ila bado inakutosha wewe na mwenzio na chensoo yenu, kamba mpya na nzima mara chache ndo inaua mtu. Kinachoua ni tawi, ni fundo lililofungwa vibaya, ni karabina (ile pete ya chuma yenye mlango) iliyojifungua, ni msumeno, na ni kukosa wa kukushusha.

Sasa tufunge.

Ukiwa na kamba moja ambayo wewe unapanda nayo na yenyewe haisogei, una sehemu mbili za kuifunga. Unaweza kuifunga juu, kwenye tawi, au unaipitisha tu juu ya tawi halafu unaifunga chini kwenye shina.

Ya juu watu wanaipenda sababu ni rahisi. Unafunga boulaini kuizunguka kamba yenyewe, unavuta upande wa pili, kitanzi kinapanda chenyewe mpaka kinakaba tawi, umemaliza. Boulaini ni lile fundo la mabaharia la kitanzi kisichojikaza, uzuri wake hata likibeba mzigo mzito baadaye unalifungua kwa vidole bila koleo, na ubaya wake unatoka hapohapo, likitikisika bila mzigo linajilegeza, kwa hiyo mkia uuache mrefu, shibiri moja na nusu angalau, na uufungie fundo la ziada. Wengine badala yake wanafunga fundo la kipepeo katikati ya kamba, wanapitisha ncha kwenye jicho lake, wanavuta likakabe juu, na ule upande mwingine unaning'inia mpaka chini ili jioni ukiuvuta kamba yote inarudi. Mafundo yote mawili ni mazuri. Na tawi linafurahi, manake linabeba uzito wako tu. Wewe na gia zako ni kilo 90, tawi linabeba 90.

Sasa zimia.

Sitanii, jiweke pale. Tawi ulilokata limerudi na kukupiga kwenye helmeti, au umejikata, au moyo tu umegoma, una miaka yako na presha yako. Uko mita 12 juu. Kamba imekaba tawi kwa uzito wako wote na fundo liko juu yako, hata wewe mwenyewe hulifikii. Mtu wa chini ameshika nini? Ameshika mkia wa kamba usiofanya chochote. Anaweza kuuvuta mpaka kesho. Njia pekee ni mtu mwingine apande, na kama hakuna mwingine anayejua kupanda basi mnasubiri, mnapiga 114 Zimamoto wanakuja na ngazi kama gari linafika, na viwanja vyetu hivi mnavijua njia zake.

Ndo maana miti mingi siku hizi nafunga chini, na siyo chini tu ilimradi chini, nafunga kwa namna ya kuachilika. Nitaeleza kwa urefu kwa sababu vidio nyingi zinaonyesha mtu anafunga kamba kwenye shina kwa boulaini basi kaondoka, na hiyo haina tofauti yoyote na kufunga juu, ukishaikalia na uzito wako hakuna mwanadamu wa kuifungua bila kisu, na akikata kwa kisu unakuja chini wote kwa mkupuo.

Ninachofanya, nafunga slingi nene, yaani kitanzi cha utepe imara, kulizunguka shina kama usawa wa kifua cha mtu wa chini, kwenye slingi naweka karabina kubwa yenye umbo la pea na mlango wa kujifunga wenyewe, ule ambao haufunguki mpaka ufanye vitendo viwili tofauti, siyo hizi za kushikia funguo. Kwenye karabina nafunga fundo la Munter, limeitwa hivyo kwa jina la muongoza wapanda milima wa Uswisi, Werner Munter. Kamba inazunguka karabina mara moja na kujilalia yenyewe, basi, kiasi kwamba mzigo ukivuta upande mmoja na wewe umeshika mkia upande wa pili, ule msuguano wa kamba juu ya kamba ndo breki yako. Ukilegeza mkono mzigo unashuka, ukikaza unasimama. Halafu ili uondoke uache limejifunga, unatengeneza kijicho na mkia, unauzungusha nyuma ya kamba yenye mzigo, unapitisha kijicho kingine cha mkia ndani yake kama fundo la kamba ya kiatu lile la kuvuta upande mmoja likafunguka, unakaza, na kile kijicho kilichobaki unakifungia fundo la kawaida kuizunguka kamba yenye mzigo ili asije mtu akajikwaa kwenye mkia likafunguka. Siku ya tukio, mtu wa chini anavaa glovu, anafungua lile fundo la ziada, anavuta mkia huku ameushika kwa mikono miwili, fundo la kuvuta linaachia, Munter inabaki, na wewe unashuka taratibu kama ndoo kisimani. Hujagusa chochote. Hata kama kifaa chako cha kupandia kimekaba kamba kwa nguvu zote haijalishi, sababu kinachoshuka ni kamba nzima na wewe ukiwa juu yake.

Badala ya Munter unaweza kutumia nane ya chuma, kile kifaa cha kushukia chenye umbo la 8 ambacho wengi mnacho, ni nzuri ingawa nayo inasokota kamba, na Munter inasokota kamba vibaya sana na ukishusha mita nyingi utakuta imejikunja chini. Ila Munter haihitaji kununua kitu zaidi ya karabina moja, kwa hiyo hata ukiwa na hela jifunze, nane za chuma zinasahaulika nyumbani.

Kuna gharama zake na hizi ndo watu hawaambiwi.

Ya kwanza ni tawi. Kamba ikipita juu ya tawi na kurudi chini, upande mmoja unavutwa na wewe kilo 90, upande wa pili shina linavuta kilo 90 kukushikilia, tawi katikati linabeba 180. Msuguano wa gome unapunguza kidogo ila usiuhesabu. Ukipanda kwa kuruka ruka unaongeza hapo. Na kama mwokoaji ataning'inia kwenye kamba hiyohiyo na wewe mmekuwa kilo 180, tawi linakutana na 360. Tawi lililokuwa linakutosha kwa fundo la juu linaweza lisikutoshe kwa fundo la chini, kwa hiyo naangalia panda iliyoshikana na shina kuu, mbichi, nene kuanzia sentimita 10 na kuendelea, na kamba naipitisha kiasi kwamba hilo tawi likikatika nadondokea kwenye panda nyingine chini yake au nabaki nimeshikwa na shina lenyewe. Na aina ya mti. Kila aliyekua kijijini anajua mpera unapinda haukatiki na mzambarau unakutupa, hiyo elimu ya utotoni msiidharau, ni ya bure. Mkaratusi mimi siuamini kabisa, unaweza ukadondosha tawi zima siku isiyo na upepo.

Kabla ya kupanda tunaning'inia watu wawili kwenye kamba pale chini, tunadunda kidogo. Kilo 150 zetu wawili zinakuwa 300 kule juu, hivyo nikipanda peke yangu natembelea kitu ambacho kimeshabeba zaidi yangu. Inachukua dakika moja. Kikikatika kitu na kikatike tukiwa tumesimama, ila simameni pembeni ya mstari wa tawi, na helmeti kichwani.

Ya pili ni urefu. Kamba ya kufunga chini na ambayo inaweza kukushusha lazima iwe mara tatu ya urefu wa unapofunga, moja kupanda, moja kushuka kwenye shina, na ya tatu imelala kwenye gunia mguuni pa Munter ikisubiri kukushusha. Mita 15 juu, mita 45 za kamba. Watu wananunua mita 30 halafu wanashangaa mtu kasimama hewani kamba imeisha. Na mwisho wa kamba fungeni fundo la nane ili usipite kwenye karabina ukatoka. (Kule mlimani kwetu, Kilimanjaro, kuna mkukusu wa mita 81.5 ambao watafiti wakiongozwa na Andreas Hemp waliutangaza 2016 kuwa mrefu kuliko miti yote ya asili iliyopimwa Afrika. Fanyeni hesabu ya kamba wenyewe. Na hapana, hauguswi.)

Ya tatu ndo inayonikosesha raha. Uhai wako wote umefungwa mahali ambapo wewe haupo. Matawi yanayodondoka yanadondokea kwenye ile kamba. Mtu wa chini anakata kuni na chensoo yake pembeni ya shina, na kamba iliyokazwa ikiguswa na mnyororo unaozunguka haikwaruziki, inakatika. Watoto wa jirani wanakuja kushangaa na kuchezea. Mbuzi. Kwa hiyo upande wa kamba unaotoka tawini kwenda kwenye fundo nauweka nyuma ya shina, mbali na upande ninaoangushia, na chensoo ya chini haiwashwi karibu na shina kabisa mpaka nishuke, hiyo ni sheria hata kama mvua inakuja. Ikiwezekana fundo la chini naliweka kwenye mti mwingine kabisa, mita kumi pembeni, mtu wa chini akae huko mbali na matawi. Ubaya wake ni kwamba hapo tawi la juu linavutwa kiubavu kuelekea ule mti mwingine, kwa hiyo panda yenyewe iwe imeelekea huko, siyo tawi lililolala lisukumwe pembeni likapasuke kwenye shina.

Na sababu nyingine ya mti wa pembeni ni nyuki. Wanaofundisha hizi kazi Ulaya hawana nyuki wetu. Huku shimo lolote kwenye mjakaranda mzee chunguza kwanza, maana mlio na mtikisiko wa chensoo unawaamsha, akikuchoma mmoja harufu yake inawaita wote, na mtu aliye kwenye kamba hawezi kukimbia. Namfahamu jamaa wa kazi hizi aliyeshambuliwa akiwa juu amefunga fundo la juu, mikono ikawa ya kufukuza nyuki badala ya kushika kamba, alishuka mwenyewe kwa kudra za Mungu na viganja vimeungua. Kama mtu wa chini yuko mita kumi pembeni na mkia mkononi anakushusha akiwa bado na akili yake, akiwa palepale kwenye shina naye anakimbia.

Sasa nisije nikaonekana nauza dawa ya kila ugonjwa. Kushushwa kwa kamba ya chini kunafanya kazi kama umeshikwa na ile kamba peke yake na chini yako pako wazi. Ukiwa unakata huwa hauko hivyo. Ukikata kwa chensoo unatakiwa ushikwe mara mbili, kamba kuu na kamba fupi ya kiunoni inayozunguka shina, sababu ukijikatia moja ibaki nyingine. Sasa ukizimia hapo, mtu wa chini akiachia Munter unashuka sentimita kadhaa halafu ile ya kiunoni inakukamata. Umekwama. Au mguu umeingia kwenye panda. Au umepinda kamba kupitia matawi matatu. Hapo lazima apande mtu.

Uingereza utaratibu wao uko wazi, kazi ya kupanda mti hawawi chini ya watu wawili pale, na mmoja wa walio chini awe anajua uokoaji wa juu, ana vifaa vyake, na anaweza kuanza bila kuchelewa. Huku tunaweza kubishana kuhusu vifaa vyao na bei zake ila hilo la mtu wa pili sioni cha kubishana. Seti ya pili ya mkanda na kamba iwe pale, iwe imetandazwa siyo imefungiwa kwenye buti la gari, na mimi kwenye mti mkubwa naacha kamba ya pili imeshapita juu tangu asubuhi, inaning'inia tu, ili mwokoaji asianze kurusha soksi mikono ikitetemeka.

Akipanda kwa prusiki anafika. Prusiki ni zile duru tatu za kamba nyembamba kuizunguka kamba nene, ukiisukuma bila uzito inapanda, ukiikalia inakaba, Karl Prusik wa Austria aliieleza 1931 na mpaka leo hakuna kitu cha bei rahisi kuishinda. Kamba ndogo iwe nyembamba kweli, mm 8 kwenye kubwa ya mm 11 au 12, zikilingana unene haikabi vizuri. Akifika anajifunga na mgonjwa kwa slingi fupi, mkanda kwa mkanda, kabla ya kufungua chochote cha mgonjwa. Nasema kabla. Halafu anaondoa ile kamba fupi ya kiunoni, kwa kuiachia siyo kwa kuikata kama inawezekana, sababu pale juu kuna kamba nne zimekazwa ziko pamoja na kisu kikigusa kamba iliyokazwa kinapita kama haipo. Kama hana jinsi ila kukata, mkasi butu wa wauguzi unakata unachokiweka katikati yake tu.

Akivuja damu nyingi, kubana jeraha hukohuko juu kunatangulia kushuka, kwa hiyo bandeji kubwa iwe mfukoni mwa anayepanda, kwenye begi la chini haikusaidii. Na kama kuna waya wa umeme umeguswa hakuna kupanda, hakuna kumshika, hakuna kushika kamba, mpaka TANESCO wazime na wawaambie wamezima. Laini kubwa za mtaani zinazopita juu ya nguzo ni kilovolti 11 au 33, hazihitaji uguse ndo zikupate.

Kwa nini haraka yote hii, si amekaa kwenye mkanda? Mtu aliyezimia akining'inia wima bila kusogeza miguu damu inatuama miguuni, hairudi vizuri kwenye moyo, na shingo ikilala inaziba hewa. Ni suala la dakika, siyo la kusubiri gari kutoka mjini. Kuna kitu kingine kilikuwa kinafundishwa zamani na bado nakisikia kwenye semina, kwamba ukimshusha usimlaze, umkalishe nusu saa ati damu ikirudi ghafla itamuua. Mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza ilitoa mapitio ya ushahidi 2009 na hawakukuta msingi wa hilo. Mlaze chini, angalia njia ya hewa, huduma ya kwanza ya kawaida kama kwa mtu yeyote aliyezimia, na hospitali aende hata akiamka anacheka.

Haya yote ukiyasoma ni maneno. Mimi na dogo ninayefanya naye kazi huwa tunafunga gogo, siku ambayo hamna kazi, tunalipandisha mita tatu, halafu namwambia bro wako kazimia, mshushe. Mara ya kwanza alifungua fundo la ziada vizuri, akavuta mkia, gogo likashuka puu akabaki ameduwaa.

"Kaka lilikuwa linavuta."

"Litavuta, lina kilo themanini. Ulishika kwa mikono mingapi?"

"Mmoja. Mwingine nilikuwa navutia."

Basi likapanda tena. Sasa hivi analishusha huku ananipigia stori, na namfanyisha akiwa amegeuzia mgongo mti, akiwa amevaa glovu zenye matope, na mara nyingine nalifunga mimi kwa kukosea makusudi nione kama ataona. Akiona namnunulia chipsi mayai. Ananikomba sana siku hizi. Kuna siku alikataa nisipande kwa sababu mlango wa karabina ulikuwa unakamatwa na utomvu na haujifungi wenyewe, tukaiosha kwa maji ya moto na sabuni, tukangoja ikauke, mwenye nyumba anatuangalia tu anashangaa mafundi gani hawa wanaosha vyombo.

Wateja nao niwaseme kidogo. Mzee mmoja majuzi kanipigia mahesabu yake, mkaratusi mmoja, mtu mmoja anakata, sasa huyu kijana aliyesimama pale kwenye mparachichi ameshika kamba asubuhi yote hafanyi kitu namlipia nini?

Nikamwambia shikamoo tena mzee wangu, huyo ndo anayelipwa kusimama hapo.

Akaguna, akaenda kunywa chai, akarudi na ofa ya kupunguza elfu ishirini. Ya mkaratusi nilimpunguzia kumi. Ya dogo sikupunguza.